Paka, Mnavu na Saruji ya Bwana Navin

Jumatatu, 8 Februari 1988

Kasisi Kiragu amenishauri niandike. Anasema mtu wa umri wangu, mwenye moyo kama wangu, afungue roho yake kila siku kabla hajaitwa. Daktari naye alishasema moyo umechoka: nisipande ngazi, nisikasirike. Haya. Naandika. Naungama.

Naungama kwamba nawachukia paka.

Dhambi nyingine sizikumbuki kwa sasa. Zikija nitaongeza.

Mimi ni Lazarus Oloo, mkaguzi wa shule mstaafu, mgane, mgeni wa kudumu katika nyumba ya binti yangu Lornah, ghorofa ya chini, Kileleshwa. Nyuma ya jikoni pana tuta moja la mboga, upana wake kama kitanda cha hospitali. Humo nimepanda mnavu. Si sukuma wiki. Sukuma wiki ni mboga ya watu waliokata tamaa. Mbegu za mnavu huu alizikausha marehemu mke wangu Nanjala kwa mkono wake, na udongo nilikuja nao kutoka kwetu Ugenya ndani ya gunia. Kondakta wa basi akauliza kama nimebeba maiti. Nikamwambia bado.

Nia yangu sasa ni moja tu hapa duniani. Nile sahani moja ya mnavu huo. Baada ya hapo niitwe, sina neno.

Leo asubuhi: kinyesi! Katikati ya tuta. Kimefukiwa juu juu, kwa adabu ya kinafiki.

Ikawa siku hiyohiyo Bwana Navin, mwenye nyumba, amepita kukagua mabomba. Alishika leso puani tangu langoni. Akamwambia Lornah (si mimi, mimi ni kabati tu) kwamba wapangaji wa juu hawafungui madirisha. Kwamba atarudi Jumamosi ya wiki ijayo, na kama harufu itakuwa palepale, atamwaga saruji pale nyuma iwe maegesho ya gari. Lornah akajibu, sawa, Bwana Navin.

Sawa! Mtoto niliyemsomesha mpaka chuo kikuu.

Jumanne, 9 Februari

Asubuhi nimemwagilia mnavu maji ya omena, wale dagaa wa ziwani kwetu, kama kawaida. Rael, anayemsaidia Lornah kazi za nyumbani, akishaosha omena huniletea yale maji kwenye karai, uso kaugeuzia pembeni kama anayebeba mtoto aliyejichafua. Vichwa vya omena navifukia shinani mwa mimea. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake kabla yake, na mnavu wao ulifika kiunoni. Hakuna mbolea ya dukani inayofua dafu.

Sikuwa nimemaliza hata kunawa mikono. Paka ukutani! Wametoka wapi? Nani kawaita?

Nimewapa majina ili niweze kuwadharau vizuri. Yule mweupe mnene ni Mkurugenzi, kwa sababu anafanana sana na bwana mmoja aliyepandishwa cheo badala yangu, kwa shingo na kwa uvivu. Yule mwenye sikio lililochanika ni Naibu. Wale wengine wadogo wadogo ni makarani tu.

Jirani yangu ng'ambo ya ukuta, Bwana Balbir, kalasinga mzee aliyekuwa na karakana ya mbao, alichungulia na kilemba chake. Yeye ana dhania na uwatu, vimenyooka mistari kama jeshi, na hakuna paka anayegusa. Jambo hilo lenyewe linatia shaka. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwalimu, wewe hapana lima mboga. Wewe napikia paka supu!"

Nikamwambia kwamba nilikagua shule kutoka Busia hadi Homa Bay na sikuwahi kufundishwa kilimo na seremala. Akasema vizuri sana, endelea pika.

Nashuku anawafundisha. Paka wote wanapitia ukuta wake.

Jumatano, 10 Februari

Mbinu! Mkosaji hapatikani bila ushahidi. Huo ndio msingi wa ukaguzi. Nimechukua chekeche la unga la Lornah, nikachekecha udongo wote wa juu mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto. Mkavu, mwororo, hauna hata kijiwe. Paka akikanyaga, unyayo wake unabaki. Nikishajua ni nani, nitajua ametoka kwa nani, na Bwana Balbir ataona haya.

Kazi hiyo imenitoa jasho. Nikalazimika kulala mpaka saa za chai.

Nilipoamka nikaenda na miwani yangu. Nyayo zipo. Nyayo nyingi! Zimepishana kama soko la Gikomba. Sikuweza kutenga hata moja. Na kinyesi sasa kila pembe, kimefukiwa vizuri kuliko siku zote, kwa furaha kabisa, mtu angedhani nimewatandikia.

Lornah aliporudi kazini akauliza chekeche lake linanuka nini. Nikamwambia ushahidi. Akaenda chumbani, akafunga mlango. Mama yake pia alikuwa hivyo.

Ijumaa, 12 Februari

Jana nilimtuma Rael mpaka Adams Arcade akaninunulie pilipili ya unga, ile kali kabisa. Akauliza Mzee anataka kupika nini. Nikamwambia napika haki. Akasema basi haki haina nyanya? Wasichana wa siku hizi hawaogopi mtu.

Leo asubuhi nikamwagilia kwanza maji ya omena, kisha nikanyunyiza pilipili tuta zima, nene, kama mchele wa harusi. Paka ana pua. Pua haina elimu, inafundishwa kwa maumivu.

Kumbe Kasisi Kiragu alikuwa ameahidi kuja kuniombea. Nilisahau. Na kwa kuwa ndani kulikuwa na joto, Lornah, ambaye alikuwa amechelewa kwenda kazini kwa ajili yake, akatuwekea viti pale nyuma, karibu na tuta. Kasisi akafumba macho. Akaanza kumshukuru Mungu kwa uhai wa mzee wetu.

Upepo ukavuma kutoka upande wa Muthangari.

Sitaeleza yote. Nililia. Nililia kama nilivyolia siku ya mazishi ya Nanjala, kamasi na kila kitu. Kasisi naye akaanza kulia, sauti ikakatika katikati ya Baba Yetu, akanishika mkono akasema kwa miaka yote ya utumishi wake hajaona mzee akitubu kwa machozi ya namna hii. Akasema malaika wanashangilia. Lornah amejifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Nilidhani naye anatubu. Alikuwa anacheka.

Sikumsahihisha Kasisi. Naungama hilo. Lakini pia mtu wa Mungu angepaswa kujua pilipili akiinusa.

Paka? Mkurugenzi alikaa ukutani wakati wote wa sala. Tulipoingia ndani akashuka, akapiga chafya mara moja, akaenda kwenye tuta akafanya alichozoea.

Jumamosi, 13 Februari

Mpwa wangu Were amekuja kunisalimia. Were hana kazi moja, ana kazi zote. Nikamweleza. Akafikiri, akasema, Mjomba, paka anaogopa nani duniani? Nikasema mbwa. Akasema hapana, paka anamwogopa mkubwa wake. Ana rafiki anayefanya vibarua upande wa Lang'ata, wanakofungiwa wanyama. Ataniletea samadi ya simba. Paka akiinusa tu atajua eneo limechukuliwa, hatarudi mpaka kiama.

Kijana ana akili! Damu ya upande wetu.

Jioni akarudi na gunia. Nikaitandaza mwenyewe kwa mikono yangu. Heshima kubwa nilihisi. Simba!

Balbir akachungulia. Hana kazi nyingine mtu huyu? Akauliza ni nini. Nikamwambia, kwa utulivu, simba. Akaomba nimrushie kipande. Akakivunja kwa vidole, akakitazama kwa muda. Akauliza, "Mwalimu, simba gani huyu nakula majani?"

Kweli mlikuwa na nyasi ndani. Nyasi nyingi. Na kipande cha bua la mahindi.

Nikamjibu kwamba simba wa Nairobi wamelegea kama kila kitu kingine katika mji huu. Akasema ndiyo, hata pembe wameota. Nikaingia ndani. Moyo ulikuwa unadunda, na daktari alisema nisikasirike.

Jumapili, 14 Februari

Sijaenda kanisani, miguu imevimba. Nimetazama dirishani. Naibu amekojoa juu ya simba.

Samadi inahitaji muda. Dawa yoyote ya kweli inahitaji muda.

Jumatatu, 15 Februari

Malori hayaheshimu wagonjwa. Asubuhi limefika moja, likamwaga kokoto langoni, kisha mifuko ya saruji ikapangwa chini ya karatasi ya nailoni. Bwana Navin hata hajangoja hiyo Jumamosi yake. Rael akasema ni ya kutengeneza mtaro. Rael ni mwongo mwenye huruma.

Basi nimeamua kulinda mwenyewe. Nikamwaga maji ya omena, karai zima, maana wasiwasi unamfanya mtu atake mboga ikue upesi. Nikaketi kwenye kiti cha turubai, fimbo magotini, kofia kichwani. Jua la Februari. Sikusinzia. Labda kidogo.

Nilipofungua macho, Mkurugenzi alikuwa kwenye tuta, mgongo umepinda, ananitazama usoni. Usoni! Nikasimama na fimbo yangu, nikamwita jina la yule bwana aliyepandishwa cheo, si la paka, nikapiga. Paka hakuwepo tena. Kilichokuwepo ni tuta, nami nikaanguka juu yake kifudifudi, mdomo wazi.

Ladha ya udongo wa Ugenya naijua tangu utotoni. Hii haikuwa yenyewe.

Ni Balbir aliyeruka ukuta. Mzee kama mimi, na kilemba kimemfunguka! Akanigeuza, akanipangusa uso kwa ncha ya kilemba hicho, akamwita Rael. Akawa anasema pole pole, Mwalimu, pole pole, ndugu yangu, wewe hapana kufa kwa sababu ya paka, watu watacheka. Nilitaka kumjibu. Pumzi haikutosha.

Jumatano, 17 Februari

Kitandani. Daktari alikuja nyumbani. Alizungumza na Lornah mlangoni kwa sauti ile wanayoitumia madaktari wakidhani wazee ni viziwi. Nilisikia neno moja tu: siku. Hakusema ngapi.

Lornah akakaa ukingoni mwa kitanda. Akauliza nataka nini. Nikamwambia anajua ninachotaka. Akasema, Baba, kwani ni lazima utoke kwenye hilo tuta? Nitakununulia mnavu sokoni, mzuri, fungu kubwa. Nikamwambia mnavu wa sokoni haujui jina la mama yako.

Akatoka. Akarudi macho mekundu. Hapakuwa na pilipili.

Alhamisi, 18 Februari

Uasi. Nimemuuliza Rael kama mnavu umepata maji yake. Akasema Mama Njeri, mpangaji wa juu, amemwagia maji safi ya bomba. Nikauliza ya omena je? Akasema anayamwaga chooni, Dada Lornah ameamuru, na vichwa ameviokota vyote ameviweka kwenye takataka. Wamekusanya na uchafu wote wa paka, wametoa ule udongo wa juu, na Singasinga (ndivyo anavyomwita Balbir) ameleta matawi ya kayaba, ile miiba ya ua, ameyalaza katikati ya mimea.

Vichwa vyangu kwenye takataka! Na miiba! Mboga ya mke wangu imezungushiwa kama gereza la Kamiti.

Sina nguvu za kuamka. Wanajua hivyo. Ndiyo maana wanafanya.

Ijumaa, 19 Februari

Rael amesogeza kitanda dirishani. Ukutani hakuna paka hata mmoja. Tangu jana hakuna. Kimya.

Nimetafakari sana. Sababu ni dhahiri. Samadi ya simba! Nilisema inahitaji muda.

Balbir alikuja kunisalimia, ameleta chai ya tangawizi kwenye chupa. Akauliza kama nimeona miiba inavyofanya kazi. Nikamweleza kuhusu simba. Akanimiminia chai. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Simba." Hatimaye amenyenyekea. Elimu hushinda, polepole.

Jumamosi, 20 Februari

Bwana Navin amekuja. Nilitaka nibebwe kwenye kiti. Lornah na Rael wakanibeba, nikaketishwa pale nyuma, tai shingoni.

Akatoa leso. Akavuta hewa kidogo. Akavuta tena. Akairudisha leso mfukoni! Akazunguka tuta, akainama, akashika jani. Akasema bibi yake kule Kisumu alikuwa akila mboga hii na maziwa. Akasema kama hali ni hii, hana sababu ya kumsumbua Mzee. Saruji itakaa pale langoni mpaka Jumanne. Akipita siku hiyo na hali ikiwa hivihivi, ataihamishia kwenye nyumba yake nyingine.

Balbir akapiga makofi ukutani. Rael akashangilia. Lornah akaniinamia, akasema, Baba, umeshinda. Sasa tuchume. Tuchume leo leo, nikupikie na maziwa, ule jioni hii.

Nikautazama mnavu wangu. Umekomaa, ndiyo. Lakini majani ni membamba. Rangi imepungua. Siku zote hizi umekunywa maji ya bomba, maji ya kuogea! Nitakutanaje na Nanjala nimwambie nilikula mboga yake ikiwa na njaa?

Nikamwambia hapana. Siku mbili tatu. Upate nguvu kwanza.

Akasema Baba, tafadhali. Akasema mara ya pili, kwa Kijaluo. Sikubadili nia. Mkaguzi hapitishi shule kwa huruma.

Jumapili, 21 Februari

Nina nguvu leo! Kasisi atasema ni ile toba.

Lornah na Rael wameenda kanisani. Wameniacha na uji na kengele ya kumwita Balbir nikizidiwa. Sikuigusa. Nimejikokota mpaka jikoni kwa kushika ukuta. Omena iko kwenye debe juu ya rafu, ya wiki nzima, wamedhani sifiki. Nilipanda kwenye kigoda. Daktari alisema ngazi, hakusema kigoda.

Nimeiloweka yote. Mnavu uliokosa chakula siku nyingi hauwezi kupewa maji matupu ya kuoshea. Nikakoroga mpaka maji yakawa mazito kama uji.

Kwanza niliondoa miiba. Huwezi kumwagilia vizuri kukiwa na miiba, inachoma mikono, na kazi yake sikuiona. Nimeirusha yote upande wa Balbir, akae nayo. Kisha nikamwaga polepole, karai kwa karai, kila shina na fungu lake. Omena zenyewe nimezifukia zikiwa nzima. Mama angefurahi. Harufu ilipanda, harufu ya kwetu, ya jikoni kwake asubuhi, nikasimama pale machozi yakanitoka bila upepo wowote.

Nimerudi dirishani na kalamu. Mwandiko bado unasomeka. Kesho kutwa majani yatakuwa mapana kama kiganja. Bwana Navin atakuja kuyaona, kisha nitakula.

Naungama, Kasisi, kwamba sina la kuungama leo.

Paka wamefika. Mkurugenzi katikati, Naibu kando yake, makarani wote, na wageni nisiowajua, pengine wametoka mpaka Muthangari. Ukuta umejaa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hawalii. Wanatazama tuta kimya, kwa heshima kubwa. Balbir anapiga kelele fulani huko kwake, ameshika tawi la kayaba. Nimefunga dirisha, sisikii.

Wanajua wameshindwa. Wamekuja kuaga.